Mafuta ya taa nyumbani: maswali ya wazazi na majibu yake

Mafuta ya taa si afadhali kuliko kuni na mkaa?

Moshi wake hauchomi macho kama wa kuni, ndiyo maana wengi wanayaamini. Lakini haya hutokana na mafuta ghafi, ni ndugu wa dizeli, na yakiungua kwenye utambi hutoa gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi pamoja na chembe za masizi zisizofika maikromita 2.5. Unywele wa binadamu una unene wa takribani maikromita 70. Chembe ndogo kiasi hicho pua haiwezi kuzizuia. Hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na nyingine hupenya kwenye damu. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo likishauri mafuta ya taa yasitumike majumbani.

Kibatari na chemli, kipi kibaya zaidi?

Kibatari, na kwa mbali. Watafiti waliopima taa za utambi ulio wazi walikuta asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yanayochomwa hugeuka masizi meusi. Chemli, kwa kuwa ina kioo, hutoa masizi machache kuliko hayo. Anayeumia zaidi ni mwanafunzi, maana ili aone maandishi lazima ainamie moto. Ukiona kamasi zake ni nyeusi asubuhi, ujue mapafu nayo yamepata sehemu yake.

Masizi hayo yakitoka nje ya nyumba yanakwenda wapi?

Yanabaki hewani siku kadhaa hadi wiki chache, yakinyonya jua na kuongeza joto. Kwa hiyo tukizima vibatari, nafuu huonekana mapema. Hewa ukaa ni habari nyingine: kila lita ya mafuta ya taa hutoa kama kilo 2.5, na sehemu kubwa yake hudumu angani kwa vizazi.

Mwanangu amekunywa mafuta ya taa. Nimpe maziwa atapike?

Hapana! Usimtapishe kwa maziwa, kwa maji ya chumvi wala kwa kidole. Wengi hudhani hatari iko tumboni, kumbe iko kwenye mapafu. Mafuta haya ni mepesi na huteleza. Mtoto akipaliwa, au akitapika, kiasi kidogo tu kikiingia kwenye njia ya hewa huleta nimonia mbaya. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, kisha mkimbize hospitali. Mpeleke hata kama anacheza, kwa sababu dalili huweza kuchelewa kwa saa kadhaa: kikohozi, kupumua haraka, mbavu kubonyea, homa, kusinzia kusiko kwa kawaida. Beba na chupa yenyewe ili mganga aione.

Ajali hizi nyingi huanzia kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto wa miaka miwili ana kiu, anaona chupa anayoijua. Hana kosa lolote.

Kwa nini jiko la mafuta hulipuka?

Uchakachuaji tuliouzoea ni wa kutia mafuta ya taa kwenye dizeli; ndio uliofanya Tanzania ipandishe ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya mwaka 2018. Jikoni kinachoua ni kinyume chake: petroli kuingia kwenye mafuta ya taa, pengine kwa sababu tu dumu lilibeba petroli jana. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi. Mafuta yakinuka tofauti na siku zote, usiyawashe. Na kamwe usijaze jiko au taa ingali inawaka.

Mtu akiungua, mwagia jeraha maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke zahanati. Usipake dawa ya meno, unga wala yai.

Gesi siimudu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye mwanga. Taa ndogo ya sola hukuondolea kibatari chumbani, hasa pale anaposomea mtoto. Jiko la mafuta, kama bado unalo, lipikie nje au karibu na dirisha lililo wazi. Mafuta yenyewe yaweke kwenye dumu lenye kizibo kigumu na alama nyekundu, juu asipofika mtoto, mbali na maji ya kunywa.