Ripoti kwanza, uhamisho baadaye

Kila Januari foleni ya ofisini kwetu hapa Mbeya ni ileile. Mzazi ana simu mkononi, amefungua matokeo ya kidato cha nne ya shule mbalimbali, na ameshaamua kwamba mwanawe hatasoma shule ya kata aliyopangiwa kuanza kidato cha kwanza.

Baba mmoja, dereva wa bajaji, alinionyesha divisheni wani, yaani ufaulu wa daraja la juu, za shule anayoitaka. Nilipomuuliza watahiniwa walikuwa wangapi, akanyamaza. Tuseme shule ina divisheni wani 15 kati ya watahiniwa 300. Je, imeizidi yenye 9 kati ya 90? Na sifuri, yaani waliofeli, umezihesabu? Wengi husoma mstari wa juu tu, halafu wanaiita shule ya mtaani kwao kapu la waliofeli.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo watu wanapotuchosha. Mtoto aripoti alikopangiwa na TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, aandikishwe kwenye rejesta. Kisha mzazi aandike barua ya kuomba uhamisho, ipite kwa mkuu wa shule anakotoka. Mkuu wa shule anakokwenda athibitishe kuwa nafasi ipo. Anayeidhinisha ni afisa elimu sekondari wa halmashauri, na kama ni kutoka mkoa mwingine, maombi hupitia ngazi ya mkoa. Mtendaji wa mtaa hahamishi mwanafunzi. Diwani hahamishi. Shemeji yako wa Dodoma naye hahamishi.

Ukimkalisha mtoto nyumbani "akisubiri", shule inaumia pia. Ada ya kutwa ya shilingi 20,000 iliondolewa mwaka 2016, na ruzuku ya uendeshaji, shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, hufuata idadi iliyoandikishwa. Mwaka jana nilifungua daftari la mahudhurio la darasa moja: majina yameandikwa kwa penseli, visanduku vitupu hadi Machi. Asiyeonekana siku 90 mfululizo bila sababu huondolewa. Kwa mabinti hatari ni zaidi, ingawa Sheria ya Elimu, Sura ya 353, tangu marekebisho ya 2016 inampa miaka 30 jela anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi.

Na kugombea nafasi kutaongezeka. Elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba, kwa hiyo mwaka 2027 wanamaliza darasa la sita na la saba kwa pamoja, hivyo Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea makundi mawili. Nafasi za kuhamia hatutakuwa nazo za kugawa.

Sare ikichelewa, mlete na ile ya darasa la saba. Atapokelewa.