Utafutaji na uokoaji wa angani: jeshi likiitwa, hufanya nini hasa?

Wengi wetu huku Kisumu tunaujua uokoaji wa angani kwa picha: chopa, yaani helikopta, imetulia hewani, kebo inashuka, mtu anavutwa juu. Hizo ni dakika za mwisho tu. Jina kamili la kazi hii ni utafutaji na uokoaji, na utafutaji ndio unaokula mafuta, saa na macho ya watu. Kwa kifupi, ni utaratibu wa kutumia ndege na watu waliofunzwa kumpata aliye hatarini mahali pasipofikika upesi, kumpa huduma ya kwanza na kumfikisha penye usalama. Ukiitwa wa kijeshi, maana yake ndege, marubani na amri ni vya jeshi, hata kama anayeokolewa ni mvuvi wa omena asiyejua tofauti ya koplo na kanali.

Matukio mawili yanatenganisha vizuri sehemu hizo mbili. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria aina ya ATR 42 iliyobeba watu 43 ilianguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba kwa jirani zetu Watanzania. Wavuvi waliiona na kuifikia mapema kwa mitumbwi yao. Watu 24 walipona. Hapo hapakuwa na cha kutafuta. Sasa linganisha na Juni 5, 2018: ndege ndogo aina ya Cessna Caravan yenye usajili 5Y-CAC iliondoka Kitale ikielekea Nairobi na watu 10 ndani, mawasiliano yakakatika jioni hiyo. Mabaki yalionekana asubuhi ya tarehe 7 kwenye milima ya Aberdare, na hakuna aliyesalimika. Kati ya saa hizo kulikuwa na ukungu, msitu mzito na helikopta zilizoshindwa kuona chini, huku jamaa wakikesha usiku mbili bila kujua kama waomboleze au wangoje.

Utafutaji hauanzi kwa kurusha ndege. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Chicago wa 1944, unaosimamia usafiri wa anga wa kiraia, hutakiwa kuwa na kituo cha kuratibu kazi hii, na kituo hicho hupitia hatua tatu. Ndege ikichelewa nusu saa kuwasiliana au kufika, huo ni wakati wa mashaka: simu zinapigwa, viwanja vinaulizwa. Ikikosekana bado, wanaingia tahadhari. Ikifika saa ambayo mafuta yake lazima yawe yamekwisha, hiyo ni dhiki, na hapo ndege za kutafuta ziwe tayari angani. Utaratibu huu unategemea kitu kimoja kidogo sana: kuwe na mtu anayejua ulitoka lini na ulikuwa unakwenda wapi. Rubani huandikisha safari yake. Mwenye boti anayetoka ufuo wa Dunga hapa Kisumu saa kumi na mbili jioni, mara nyingi anayejua ni mkewe peke yake.

Jeshi la wanahewa la Kenya liliundwa Juni 1, 1964, na kambi zake kubwa ziko Eastleigh, Nairobi, na Laikipia, karibu na Nanyuki. Kisheria, mlango wake katika majanga ni Ibara ya 241 ya Katiba ya 2010: KDF, yaani majeshi ya ulinzi ya Kenya, husaidiana na mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, kisha huripoti kwa Bunge la Kitaifa. Kwa hiyo huku magharibi jeshi huja kama msaidizi, likiwa pamoja na polisi wenye helikopta zao. Tuliliona hilo Novemba 2019, maporomoko ya udongo yalipofukia vijiji Pokot Magharibi, barabara zikakatika na hali ya hewa ikawachelewesha hata wale wa angani.

Umbali nao una neno lake. Kutoka Nanyuki au Eastleigh hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 250 kwa mstari mnyoofu, yaani helikopta ya kawaida hutumia saa moja na ushee, ukiacha muda wa kujiandaa. Chukua boti iliyozima injini ikisukumwa na upepo kilomita 2 kwa saa, upande usiojulikana. Baada ya saa moja, inaweza kuwa popote ndani ya duara la kilomita za mraba 13 hivi. Baada ya saa tano, duara hilo ni kilomita za mraba 314. Muda umezidi mara tano, eneo limezidi mara ishirini na tano. Ndiyo maana mimi nikisikia watu wakilaumu kwamba chopa imechelewa, huuliza kwanza taarifa ilitolewa saa ngapi.

Ndani ya duara hilo ndege haizunguki ovyo. Pakijulikana vizuri mahali pa mwisho ilipoonekana, rubani huanzia hapo na kuruka miraba inayopanuka. Eneo likiwa kubwa, hupita kwenda na kurudi kwa mistari sambamba kama jembe la ng'ombe shambani. Kazi hii huifaa zaidi ndege yenye mabawa, inayokaa angani muda mrefu. Helikopta hutumwa pale mahali alipo mtu panapojulikana.

Kinachoweza kufuta hesabu yote hiyo ni kifaa cha ishara ya dhiki. Mpango wa setilaiti wa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa na Marekani, Kanada, Ufaransa na Muungano wa Sovieti, ulisaidia uokoaji wake wa kwanza Septemba 1982, na leo husikiliza masafa ya megahezi 406. Cha ndege hujiwasha kwa kishindo cha kuanguka, lakini kikizama majini hakisikiki. Vipo pia vidogo vya kubebwa na mtu mmoja, ila bei yake si ya mvuvi wa kawaida.

Kikosi chenyewe ni kidogo. Helikopta za njano aina ya Sea King za jeshi la anga la Uingereza zilikuwa na watu wanne: marubani wawili, mwendesha winchi (mashine ya kushusha na kuvuta kebo) na anayeshuka na kebo. (Mwanamfalme William, aliyemposa Kate hapa Kenya mwaka 2010, alikuwa rubani wa kikosi hicho.) Uingereza iliiondoa kazi hiyo jeshini mwaka 2015 na kuikabidhi kampuni ya kiraia chini ya walinzi wa pwani, kwa hiyo si lazima mwokoaji wa angani awe mwanajeshi. Jeshi hupewa kwa sababu lina ndege, lina watu wa zamu na limezoea kuruka usiku.

Pia ndilo lililoanza. Aprili 1944, Carter Harman wa Marekani alitumia helikopta ya Sikorsky R-4 kuwatoa rubani na askari watatu wa Uingereza waliokwama nyuma ya adui huko Burma, ile Bama ambako wazee wetu wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya mkoloni Mwingereza, walipelekwa pia. Mashine hiyo ilibeba abiria mmoja tu, ikabidi arudi na kurudi. Uokoaji wa aina hiyo, chini ya risasi, ni tawi la peke yake: anayetafutwa hujificha, na ishara yake adui anaweza kuisikia. Scott O'Grady, rubani wa Marekani aliyedunguliwa, alikaa siku sita porini Bosnia mwaka 1995 kabla ya kutolewa.

Kwetu adui ni mwinuko na usiku. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, kilele cha Mlima Elgon mita 4,321. Kadiri hewa inavyokuwa nyepesi, ndivyo mapanga ya helikopta yanavyokosa nguvu, na rubani hulazimika kupunguza mafuta au watu. Ziwani, upepo wa nchi kavu huelekea majini usiku, ngurumo zikajikusanya huko, saa zile zile wavuvi wa omena wako kazini na taa zao.

Chopa ikikufikia, usiidake kebo kabla haijagusa maji au ardhi, maana mwili wa helikopta hujikusanyia umeme na utakupiga. Fungeni kila kilicho chepesi kwenye boti. Upepo wa mapanga huweza kuipindua. Ukishafungwa mkanda chini ya makwapa, mikono ibaki chini. Ukiiinua kushangilia, unaweza kuchomoka.