Diski Inayokufa: Yasemwayo Barazani na Yaliyo Kweli

Wiki ya Maulidi mji wa Lamu hujaa wageni, na meza yangu hapa Langoni hujaa diski. Wapiga picha wanatafuta nafasi ya kazi mpya, na hapo ndipo ile diski iliyolala kabatini miaka mitatu inapogoma. "Yana ilikuwa nzima, yeo haifunguki." Kabla haijanifikia huwa imeshapita barazani, na barazani kila mtu ni fundi.

"Itie frijini usiku kucha, asubuhi itafunguka."

Usiitie. Ndani ya diski mna visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi ya nanomita chache. Kwa nafasi hiyo, unywele wa mtu ni boriti ya mkoko. Ukiitoa diski frijini ukaileta kwenye hewa yetu, itatoka jasho kama chupa ya soda, na jasho hilo halibaki nje tu. Ukitaka kuisaidia, ielekezee feni, maana joto la kusoma saa nyingi ndilo linaloichosha.

"Chomoa uchomeke tena, itashika."

Hapa wana nusu ya haki. Chumvi ya bahari hula ncha za waya, na mara nyingi ninabadilisha waya wa USB tu na mambo yanaisha, sitozi kitu. Lakini waya ukiwa mzima na folda bado inachukua dakika nzima kufunguka, kila jaribio linakula umri uliobaki. Badala ya kubahatisha, iulize diski yenyewe kwa amri ya Linux, `smartctl -a /dev/sdb` (sdb ni jina la diski). Tazama mstari wa 197, unaohesabu sekta, yaani vijisehemu vidogo vya diski, zilizokataa kusomeka na zinazosubiri kuamuliwa. Namba ikipanda kati ya asubuhi na adhuhuri, acha kufungua mafaili na anza kunakili.

"Windows ina dawa yake, piga chkdsk."

Hili nililiamini mwenyewe, na lilinigharimu. Miaka ya mwanzo nililetewa diski ya darsa zilizorekodiwa msikitini. Nikapiga chkdsk usiku, asubuhi nikakuta folda iitwayo found.000 imejaa vipande vyenye majina kama FILE0000.CHK. Sauti za maalim zilikuwa zimekatwakatwa, nami sikuwa na nakala ya kurudia. Kazi ya chkdsk ni kuupanga upya mpangilio wa diski uwe sawa. Mafaili yako yakisimama njiani, huyakata. Tena huandika kwenye diski ileile inayokufa. Vivyo hivyo lile dirisha linalokuomba ufomati kwanza: lifunge.

"Programu za bure ni za kuchezea."

Programu ninayoitumia kuliko zote ni ya bure, GNU ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Díaz Díaz. Ukiisakinisha kwenye Debian au Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, kifurushi chake kinaitwa gddrescue, ila amri ni ddrescue. Hapo wengi hupotea. Haijui picha wala video. Inajua sekta tu, na huzihamisha kutoka diski mbovu hadi faili moja kubwa kwenye diski nyingine isiyo na ubovu:

`ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/mpya/nakala.img /mnt/mpya/ramani.map`

Jina la diski lithibitishe kwanza kwa `lsblk`, kwa kutazama ukubwa wake.

Ukinakili faili kwa mkono, kompyuta ikikuta sekta mbovu hung'ang'ania papo hapo mpaka diski inanyamaza. ddrescue huenda kama nahodha: akiona mwamba huuzunguka, akabeba kwanza shehena iliyo rahisi. Ile `-n` ndiyo inayoiambia isikwangue sehemu mbovu katika mzunguko wa kwanza. Baadaye unarudia amri ileile, `-n` ukiibadilisha kuwa `-r3`, ndipo inapokwenda kukwangua, kisha kujaribu mara tatu zaidi pale palipokataa.

Na ile ramani.map usiidharau. Ni faili dogo la maandishi linalokumbuka kipi kimeokolewa na kipi bado. Stima ikikatika saa nane za usiku, nayo hukatika, unaandika amri ileile na kazi inaendelea pale ilipoachia. Ukiipoteza ramani, unaanza upya kwenye diski isiyo na pumzi ya kuanza upya.

Diski unayonakilia iwe na nafasi ya diski nzima, si ya picha tu, na isiwe imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Nimeona mtu akisubiri nusu siku kumbe kazi ilikwama mapema kwa sababu hiyo.

Nakala ikishapatikana, diski mbovu iweke kando na uifanyie kazi nakala. Programu ya TestDisk hutafuta mgawanyo wa diski (partition) uliopotea na hukuorodheshea mafaili yakiwa na majina yake. PhotoRec, mwenzake, haijali majina. Hutambua faili kwa alama za mwanzo wake, kama picha ya JPEG inavyoanza na FF D8 FF, kisha hukurundikia zote kwenye folda za recup_dir. Zote mbili ni kazi ya Christophe Grenier, na zote ni bure.

"Fundi lazima azione picha zetu."

Hili ndilo linalofanya diski nyingi za sherehe za kupamba bi harusi zifie kabatini. Mama anaona heri picha zipotee kuliko mwanamume wa dukani amwone bi harusi na shoga zake bila buibui. Namwelewa. Ukweli ni kwamba ddrescue haifungui picha hata moja, na haihitaji intaneti. Lakini kinachomzuia fundi asichungulie baadaye ni uaminifu wake tu, programu haimzuii. Ndiyo maana hupenda kumfundisha binti wa nyumbani. Amri ni hizo mbili, anaweza kuziandika chumbani kwao.

"Kama inagonga tik, tik, tik, programu itaituliza."

Haitaituliza. Huo mara nyingi ni ugonjwa wa kichwa cha kusomea. Zima. Usiifungue kwa bisibisi pia. Vumbi la uchochoro wenye punda halina mahali ndani ya diski. Hiyo ni ya maabara yenye chumba safi, na malipo yake ni makubwa. SSD, diski zisizo na visahani, nazo zina shida zao: faili lililofutwa, TRIM (amri ya kufagia nafasi ya vilivyofutwa) ikishapita, kwa kawaida PhotoRec haina cha kuokota.

Mara ya mwisho kazi ya kupamba iliponijia, ddrescue ilifanya kazi siku mbili chini ya feni. Dada yangu akaichukua laptopu ndani pamoja na mama wa bi harusi, mimi nikabaki nje na kahawa. Kikalia kigelegele. Baadaye mama akatoka kuniuliza: picha tatu zilikuwa nzima juu na kijivu tupu chini, je, kile kijivu kinatoka? Nikamwambia hakitoki, bi. Sekta zile hazikusomeka. Akauliza kama zinaweza kukatwa zibaki nyuso tu. Hilo dada alilifanya kwa dakika tano.