Ziwa Lenye Boti Nyingi: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Nikipunguza mwendo nusu karibu na magati, sisumbui mtu.

Mwendo wa kati ndio unaozaa mawimbi makubwa kuliko yote. Boti ikienda kasi hupanda juu ya maji na kuteleza. Ikienda taratibu kabisa, hulala sawa. Katikati ya hapo tezi (nyuma ya boti) huzama, omo (mbele yake) huinuka, na boti husukuma maji kama jembe. Mawimbi hayo ndiyo yanayokata kamba za boti zilizofungwa, kugongesha ubavu wake kwenye nguzo, kumwangusha mtoto aliyesimama gatini na kumega ukingo wa mwenye kiwanja.

Anza kupunguza kabla hujaingia eneo la magati, hadi omo ishuke kabisa. Kisha geuka utazame nyuma: ukiona povu jeupe, bado una kasi. Usikate mafuta ghafla, maana mawimbi yako mwenyewe yatakufikia na kuingia kwa nyuma.

Boti zinazopakia maji ya kuongeza uzito ili watu wateleze kwenye mawimbi yake zikae mbali na ukingo, penye kina. Kwenye maji mafupi propela huchimbua tope, na fosforasi iliyokuwa imetulia chini hupanda na kulisha mwani. Ziwa likigeuka kijani, anayeumia ni kila mtu.

Dhana: Mdogo ampishe mkubwa.

Kati ya boti mbili za injini ziwani, ukubwa peke yake haumpi mtu njia. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano, ambazo sheria za maziwa mengi zinafanana nazo, zinasema hivi: zikikutana uso kwa uso, kila moja ikate kulia. Zikikatizana, yenye mwenzake upande wake wa kulia ndiyo inayopisha. Anayempita mwenzake kutoka nyuma ndiye wa kukaa mbali, hata akiwa wa tanga. Vinginevyo injini humpisha tanga. Mwenye njia hushika mwendo na mwelekeo wake, lakini akiona mwenzake hachukui hatua, achukue yeye.

Dhana: Kwenye jetiski (pikipiki ya majini), ukiona hatari achia mafuta ukate kona.

Jetiski hugeuzwa na maji yanayorushwa nyuma. Ukiachia mafuta, maji hayo hukoma, na nyingi huenda moja kwa moja pale pale ulipokuwa unapakwepa. Kata kona huku mafuta yakiwa bado yanashika.

Dhana: Nje kuna upepo, moshi wa injini hauna madhara.

Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, haina rangi wala harufu, na hukusanyika nyuma ya boti, kwenye jukwaa la kuogelea ambako watu hupenda kuning'inia miguu. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kizunguzungu hudhaniwa ni jua au mawimbi, mpaka mtu anazimia na kuteleza majini. Kabla ya yeyote kushuka kwa nyuma, zima injini na jenereta. Kutoa gia tu hakutoshi. Moshi bado unatoka.

Dhana: Taa nyingi gatini ni usalama zaidi.

Nyekundu na kijani ni taa za boti, kushoto na kulia. Ukizitundika gatini, nahodha wa usiku atadhani anakutana na chombo. Taa kali inayoelekea ziwani nayo humpofusha. Weka taa hafifu, ielekee chini kwenye mbao.

Dhana: Umeme wa gatini ukivuja, fyuzi itakatika.

Mvujo unaoua mwogeleaji ni mdogo mno kukata fyuzi. Mwili una chumvi kuliko maji ya ziwa, hivyo umeme huona njia rahisi zaidi ndani ya mtu. Misuli huganda, naye huzama bila kupiga kelele. Fundi aweke kikata umeme kinachohisi mvujo wa miliampea 30 au pungufu, nawe ukipime kila mwezi kwa kitufe chake. Hata hivyo, pasiogelewe kando ya gati lenye umeme.

Mtu akisema anahisi ganzi au vijisindano majini, aogelee kurudi alikotoka, asishike ngazi ya chuma. Aliye nchi kavu azime swichi kuu, arushe boya, na asijitose kumfuata.