Usipoziba ufa, utajenga kuta sita

Ujumbe ule ule umenifikia tena kutoka kwa mchoraji wa ramani za michezo ya kompyuta: “Ramani ilikuwa inavuja, nikaizungushia boksi kubwa la anga, sasa inakompaili vizuri. Ila VVIS inakesha. Kompyuta yangu mbovu?” Kuvuja ni ramani kuwa na tundu linalotokea kwenye utupu wa nje; kukompaili ni kuigeuza kuwa faili la mchezo; na VVIS ni programu inayokokotoa nini kinaonekana kutoka wapi. Kompyuta yako nzima. Bovu ni hilo boksi, na aliyekufundisha kuliweka hakukutakia mema.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuwahi kufungua Hammer, programu yetu ya kuchorea ramani, lakini walituona. Ufa wa yuniti moja, kipimo kidogo cha ramani, mtu anauacha palepale, kwa makusudi, halafu anajenga kuta sita.

Nazungumzia ukoo wa Quake: injini ya 1996 na wanawe, yaani GoldSrc iliyokuja na Half-Life mwaka 1998, Source ya 2004, na yeyote anayechora leo kwa TrenchBroom, programu nyingine ya ramani. Wa Doom wana sekta zao zisizofungwa, hayo ni mengine. Waliolelewa na UnrealEd ya zamani, programu ya ramani za Unreal, hawakuwahi kujua uvujaji ni nini, maana kule dunia ilianza ikiwa imejaa nao wakachimba vyumba ndani yake. Kwetu ni kinyume. Tunaanza na utupu, na kila chumba lazima kifungwe.

VBSP, programu inayokata ramani kuwa majani, yaani vipande vya nafasi tupu, huanzia kwenye entiti, iwe taa au mahali pa mchezaji kuanzia, ikasambaa jani hadi jani kupitia kila upenyo. Ikimaliza bila kuufikia utupu, imejua nje ni wapi: inapajaza, inatupa nyuso zote zinazotazama huko, na inaandika faili la .prt lenye milango, yaani nyuso ambapo jani hupakana na jani, si milango ya kufungua. Ikiufikia utupu, faili hilo haliandikwi. VVIS inakosa cha kusoma, na VRAD, programu ya mwanga, kwa kuwa haina taarifa za uonekano, inapiga mwanga wa moja kwa moja tu, usiodunda ukutani. Ndiyo maana pembe za vyumba vyako ni nyeusi tii. Maji nayo kwenye Source hupotea. Acha kuongeza taa.

Sasa boksi linafanya nini? Tundu linabaki. Kinachohama ni mpaka. VBSP inapita kwenye ule ufa kama kawaida, inatoka, inazunguka migongo ya kuta zako zote, inagonga boksi na kurudi imeridhika kwamba utupu haujafikiwa. Ila kile ulichokiita nje sasa ni ndani. Migongo ya kuta ambayo ingetupwa inabaki, inapigiwa mwanga, inanenepesha faili. Eneo lote kati ya ramani na boksi linakatwakatwa kuwa majani: Source hukata yenyewe kila yuniti 1024, na kila kona ya kila jengo upande wa nje inaongeza mkato wake. VVIS kazi yake ni kuuliza, kwa kila mlango, ni milango ipi mingine inaonekana kupitia mlolongo wa milango. Ndani ya korido zilizopinda jibu hupatikana haraka, kwa sababu ukuta unakata maswali. Kule nje hakuna wa kuyakata, jibu ni “karibu yote”, na hilo ndilo jibu la gharama kuliko yote. Usiku wako uliishia huko.

Wapo werevu wanaonijibu, “Lakini migongo nimeipaka nodraw,” teksicha ambayo injini haiichori. Vizuri, umeokoa nyuso na mwanga wake. Majani yako palepale.

Lakini kinachoniudhi hasa si ule usiku. Ni sentensi inayofuata, ambayo huja kila mara, tena kwa kujiamini: “Mchezaji haoni nje, kwa hiyo injini haichori nje.” Hapa tukae kidogo.

Injini inapochagua cha kuchora huuliza kwanza swali moja tu: kamera iko jani gani? Kisha inachukua orodha ambayo VVIS iliiandika zamani, ulipokuwa unakompaili. Orodha hiyo ni ya jani zima, si ya jicho. Chochote kinachoweza kuonekana kutoka pointi yoyote ya jani hilo, hata pointi ambayo mchezaji hawezi kuifikia kwa ngazi wala kwa kuruka, kimo. Baadaye inapunguza vilivyo nyuma ya mgongo wa mchezaji, sawa, ila hiyo ni hesabu nyingine na haimuokoi anapotazama upande wenyewe.

Chukua ua wenye kuta za yuniti 256, usio na paa. Ukiuwekea brashi (donge gumu la kujengea) yenye teksicha ya anga palepale kwenye usawa wa kuta, jani la ua linaishia hapo. Ukiuacha wazi kwa sababu “boksi liko juu huko”, jani hilo linaweza kupanda kutoka sakafuni hadi mbali juu ya kuta, maana ile mikato ya 1024 ni ya urefu na upana tu, haikati kimo. Mchezaji wako ana yuniti 72. Amesimama sakafuni, hana anachoona ila ukuta. Lakini jani alimosimama lina kilele, na kutoka kwenye kilele unaonekana ua wa jirani, na wa jirani yake, na mapaa yote ya ramani. Kwa injini, aliyesimama sakafuni na anayeelea juu ya kuta ni mtu mmoja. Inamchorea vyote. Wewe unaona fremu zinashuka mahali pasipo na kitu, unaanza kulaumu modeli ya pipa.

Dawa inayotajwa ni hint: brashi iliyolala, inayokata jani kwenye usawa wa juu wa kuta. Na inafanya kazi, kwa sababu kuona hakurithiwi. Jani la chini linaona la juu, la juu linaona ua wa jirani, lakini la chini haliuoni ua wa jirani, kwani hakuna mstari ulionyooka unaopanda kupitia mlango ule kisha ukashuka ng'ambo ya ukuta.

Nzuri kwenye mchoro wa kuta mbili za kimo kimoja. Kwenye ramani yenye mapaa ya mshazari, ngazi na minara, sijui hint itasaidia wapi hadi nipime, na sidhani kama wanaoandika miongozo wanajua. Naiweka, nakompaili, nawasha amri za mat_leafvis na mat_wireframe zinazoonyesha majani na kinachochorwa, natazama. Kuna wakati inapunguza nusu ya kinachochorwa. Kuna wakati hakuna kilichobadilika, na VVIS imekuwa nzito zaidi, kwa sababu brashi ile ile imekata majani mengine ambayo sikuwa na ugomvi nayo. Ukiniomba kanuni, sina.

Na kwa haki, ramani ya vyumba vitatu kwenye kompyuta ya leo haitaumizwa na boksi. Kama majengo yamefungwa na tundu ni moja dogo, mchezaji aliye ndani anaweza asihisi lolote. Gharama inabaki kwenye kukompaili na ukubwa wa faili. Mimi mwenyewe nikiwa napima tu vipimo vya vyumba huweka boksi, nikijua nitalifuta kabla ya kupanga taa. Shida ni kwamba ramani haibaki ya vyumba vitatu. Kila tundu jipya linapozaliwa VBSP ingekuambia siku hiyo hiyo, ungali unakumbuka ulichogusa. Boksi linainyamazisha. Siku ukiliondoa unakutana na matundu ya miezi yote kwa mpigo, na hapo ndipo watu huamua kulirudisha.

Kutafuta tundu si uchawi. Pakia faili la pointi ambalo VBSP huliandika ramani inapovuja, ufuate mstari mwekundu kutoka kwenye entiti hadi unapotoka nje. Unaonyesha njia moja tu. Ukiziba na mstari mwingine ukatokea, usiseme “bado inavuja”. Hilo ni tundu jingine, endelea. Kama mstari unaanzia nje kabisa, entiti yenyewe umeiangusha utupuni, ihamishe. Kama unapita katikati ya ukuta unaouona mzima, basi kwa VBSP huo si ukuta: ni func_detail (brashi ya mapambo), au mlango, au displesimenti (uso uliokunjwa kuwa ardhi), au modeli, au maji, au brashi yenye teksicha inayopitisha mwanga. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoziba. Weka brashi ya kawaida ya nodraw nyuma yake, maliza. Mlima wa displesimenti bila brashi chini yake ndio ninaokutana nao zaidi, na mwenye ramani huniapia kwamba ardhi yake “imefunga kabisa”.

Brashi ulizozizungusha kwa nyuzi za ajabu zina vipeo vinavyoangukia nje ya gridi, na hapo ndipo nyufa zisizoonekana hukaa. Fanya kazi kwenye gridi ya 8 au 16 hadi uwe na sababu ya kushuka. Carve, zana ya kukata brashi kwa brashi nyingine, usiiguse. Leo sina subira ya kueleza.

Na kama mstari umezunguka vyumba kumi hadi huelewi umetokea wapi, ndipo nakuruhusu kitu kikubwa, ila si boksi lenye uwazi. Chora brashi moja iliyojaa, ya nusu ya ramani nzima, ifunike kila kitu kilichomo, kisha uendeshe VBSP peke yake. Uvujaji ukiisha, tundu lilikuwa ndani ya nusu iliyofunikwa. Ukibaki, liko nusu ya pili. Punguza brashi kwa nusu, rudia, hadi ubaki na chumba kimoja na ukuta mmoja wa kuutazama kwenye gridi ya 1. Halafu ifute hiyo brashi kabla hujahifadhi.