Kabla hujanitajia Franco

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alikuja kwangu Tandika na gitaa jipya, bado limo kwenye boksi. Akanipa shikamoo yake, akakaa, akauliza bei ya masomo. Nikamwambia shilingi 20,000 kwa saa. Akanyamaza kidogo, halafu akatoa neno ambalo mwaka huu nimelisikia mpaka masikio yamechoka: "Lakini mwalimu, Franco alifundishwa na nani?" Maana yake: Franco, yule mpiga gitaa mkubwa wa Kongo, alijifundisha mwenyewe, sasa mimi nilipe ya nini?

Alifundishwa na Dewayon. Paul Ebengo, huyo aliyeitwa Dewayon, alikuwa na gitaa Léopoldville, Kinshasa ya leo, na Franco akiwa bado mtoto, baba ameshafariki na mama anauza maandazi sokoni, alishinda kwake akitazama vidole. Baadaye wakapiga pamoja kwenye kundi la Watam. Mwaka 1953 Franco akaingia studio ya Loningisa, na huko akamkuta Henri Bowane, mpiga gitaa aliyekwisha kukomaa, naye Bowane akamchukua chini ya mkono wake. OK Jazz, bendi iliyompa jina, inaanzishwa mwaka 1956 yeye ana miaka 17, na tayari ameshakaa miaka kadhaa magotini pa watu wanaojua kazi. Dokta Nico, mpiga gitaa mwingine mkubwa wa Kongo, naye hakudondoka kutoka mbinguni. Kaka yake Dechaud alikuwa mpiga gitaa, na wote wawili walipigia bendi ya African Jazz. Ukiwa na kaka wa aina hiyo nyumbani, usinilipe mimi hata shilingi.

Naomba tulielewe hili vizuri, maana ndilo linalowafanya vijana wengi wapoteze mwaka mzima. Tukisema "alijifundisha mwenyewe" tunamaanisha hakukaa kwenye dawati na hakupewa cheti. Tunasahau kwamba kila siku alikuwa na mtu pembeni anayemsikia akikosea.

Mimi mwenyewe sikuwahi kumlipa mwalimu. Nilibeba amplifaya za bendi moja ya hapa mjini, kuzipandisha na kuzishusha ngazi za ukumbi, miaka miwili, na ujira wangu ulikuwa ruhusa ya kusimama nyuma ya mpiga ridhimu, yaani gitaa la kusindikiza. Mzee yule hakuwa na maneno mengi. Mazoezini akinipa gitaa nikalegeza mwendo, alikuwa ananigonga begani kwa vidole viwili, mapigo sawasawa, mpaka mguu wangu uyashike. Usiku tatu kwa wiki, kila usiku muda wa saa tano, kwa miaka miwili: hizo ni saa zaidi ya 1,500. Nililipa kwa mgongo, na nililipa sana. Kijana wa leo akisema anataka kujifunza "kama wazee" bila kulipa, namuuliza: amplifaya ya nani unabeba? Bendi ya mtaani kwenu iko wapi? Wanamuziki wengi siku hizi wanapanda jukwaani na wimbo uliokwisha kurekodiwa. Shule ya kusimama nyuma ya mpigaji imebaki zaidi makanisani, kwenye kwaya. Kama kanisani kwenu kuna mpiga gitaa mzuri anayekubali ukae ubavuni kwake kila mazoezi, nenda kwake kabla ya kuja kwangu. Nasema hivi nikijua kabisa kwamba najipunguzia wateja.

Sasa, kama huna kaka, huna bendi wala kwaya, unalipia nini hasa?

Hulipii kodi, yaani zile sauti kadhaa za nyuzi zinazopigwa pamoja. Kodi zote ziko bure, michoro yake imejaa kwenye simu. Kutyuni, yaani kuupa kila waya sauti yake, pia ni bure: E A D G B E, tumia programu ya simu, kila ukishika gitaa, bila kuruka siku. Basi, hilo limeisha.

Unalipia sikio la mtu mwingine. Video inakuonyesha vidole vya mwenye video, haivioni vya kwako wala haikusikii. Na kosa kubwa la mwanafunzi mpya ni lile ambalo yeye mwenyewe hawezi kulisikia. Anatoka kodi ya G kwenda ya C, vidole vinatafuta nafasi, na wakati vinatafuta, wimbo unasimama. Kichwani mwake haujasimama, kwa sababu anaujua, anauimba kimoyomoyo na kuziba pengo. Ukimuuliza atakwambia kwa nia safi kabisa kwamba amepiga wimbo mzima. Nimewapokea watu waliojifunza kwa video miezi minane, wanajua kodi ishirini, na hawawezi kumsindikiza muimbaji mmoja kutoka ubeti wa kwanza hadi kiitikio. Muimbaji anafika, wao bado wako njiani.

Dawa yake inachosha kuitazama. Kodi mbili tu, Em na D. Mapigo 60 kwa dakika, manne kwa kila kodi. Mkono unaokung'uta nyuzi hauruhusiwi kusimama kwa sababu yoyote, hata kama mkono wa kushoto haujafika. Nyuzi zitalia ovyo, ziache zilie. Mkono wa kushoto utajifunza kuwahi, kwa kuwa wa kulia haumsubiri mtu. Hilo ndilo somo langu la kwanza lote, saa nzima, na wapo wanaoondoka wamenuna kwa sababu walitegemea solo. Wakirudi baada ya wiki tatu wanaweza kumsindikiza mtu, na uso unakuwa mwingine.

Na niseme jambo ambalo walimu wenzangu hawalipendi: nusu ya kazi hiyo unaweza kuifanya bure. Weka simu mezani, jirekodi dakika mbili, sikiliza kesho yake ukiwa umetulia. Utasikia pengo ambalo jana hukulisikia. Wengi hawafanyi, kwa sababu inauma kujisikia. Lakini ukiwa mtu wa kufanya hivyo kila wiki na kujirekebisha bila kujihurumia, unanihitaji kidogo sana.

Kingine ambacho video haitakwambia ni kwamba tatizo linaweza kuwa gitaa lenyewe. Nimechoka kusikia mtu anasema "sina kipaji" akiwa ameshika gitaa ambalo hata mimi linanitoa jasho. Magitaa ya bei ya chini mara nyingi yanatoka dukani nyuzi ziko juu mno. Fanya hivi: hesabu freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa, kisha pima umbali kati ya freti ya 12 na waya wa sita, ule mnene. Milimita 2 na nusu ni sawa, ikifika 4 unapigana vita. Halafu bonyeza waya kwenye freti ya tatu, angalia pengo lililobaki juu ya freti ya kwanza. Liwe jembamba sana, kama unene wa karatasi. Likiwa kubwa, mifereji ya kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi karibu na kichwa haijachimbwa ipasavyo, na kodi ya F, ile ambayo kidole kimoja kinabana nyuzi kadhaa, utailaani bure mwaka mzima. Gitaa la kijana wa Jumamosi lilikuwa na milimita 4. Angelipeleka nyumbani, angejaribu wiki mbili, vidole vingevimba, na lingeishia juu ya kabati.

Kuna mambo ambayo sina uhakika nayo, na naona ni haki mtu ayajue kabla hajafungua pochi. Miaka mingi nilikuwa mkali juu ya dole gumba: likae nyuma ya shingo ya gitaa, lisichungulie juu. Leo siwi mkali tena, kwa sababu nimewaona wapigaji wazuri mno wanaolichungulisha wakati wote. Mkono wa kulia ni hivyohivyo. Vitabu vinataka dole gumba na vidole vitatu, kila kidole na waya wake. Lakini mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda wa Jadotville, huko Kongo, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, alitumia dole gumba na kidole cha shahada tu, na mpaka leo watu wenye vidole vyote vitatu wanahangaika kumfuata. Kwa hiyo sheria ngumu niliyobaki nayo ni moja: kifundo cha mkono kikiuma, acha na ubadilishe mkao. Ncha za vidole kuuma ni kawaida, sugu inajijenga.

Zito zaidi ni hili. Nimefundisha miaka 14 na siwezi kukuthibitishia kwamba wanafunzi wangu wazuri wamekuwa wazuri kwa sababu yangu. Wapo waliolipa miezi sita wakaachia kwenye F. Yupo binti aliyekuja mara nne tu, na leo anapiga ridhimu kwaya nzima inamsikiliza yeye. Wasiokosa somo ndio haohao wasiokosa mazoezi, na huenda wangefika hata bila mimi, kwa njia ndefu zaidi. Hilo linanisumbua kila ninapopokea hela ya mzazi.

Ndiyo maana sipendi mtu alipe mwezi mzima kwa mpigo. Lipa masomo matatu ndani ya wiki sita za mwanzo, wakati mazoea mabaya bado mabichi. Kaa peke yako miezi miwili, dakika 20 kila siku. Rudi ukikwama, na wengi watakwama F. Kama huna gitaa nyumbani, usilipe bado. Kama dakika 20 huzipati, mwalimu atakuwa anafanya mazoezi na wewe kwa 20,000 kwa saa, na hiyo ni hela mbaya. Ukimpata mwalimu anayepiga solo nusu saa huku wewe umeweka mikono mapajani, aga uondoke.

Kijana wa Jumamosi sikumuuzia somo. Nilichukua tupa ndogo, nikachimba mifereji, nikashusha nyuzi, nikamtoza 10,000 ya kazi hiyo. Nikamwonyesha Em na D, nikamgonga begani mapigo 60, kama nilivyogongwa. Wakati anafunga boksi akauliza, "Nikirudi nije na ile elfu ishirini?" Nikamwambia aje baada ya wiki tatu na rekodi ya dakika mbili kwenye simu. Tutaisikiliza wote, halafu ndiyo tuongee hela.