Mlinda wiketi si mpigaji aliyevalishwa glavu

Ukifika wakati wa kuchagua timu ya kriketi, pale uwanja wa Lugogo, Kampala, lazima nitaisikia kutoka kwa kapteni, mzazi au kocha mwenzangu: "Mwalimu, mpe glavu yule anayejua kupiga. Kudaka atajifunza humo humo." Mimi nafundisha walinda wiketi, wale wanaovaa glavu na kudaka mpira nyuma ya vijiti vitatu (wiketi) anavyovilinda mpigaji, na maneno haya yamenichosha.

"Bati kwanza, glavu zitafuata."

Hesabu mipira. Kwenye T20, kriketi ya ova 20 kwa kila timu (ova ni mipira sita), mlinda wiketi ana kazi katika mipira yote 120 ya wapinzani. Akiwa wa saba katika zamu ya kupiga (nambari saba), siku akipata mipira kumi ashukuru. Sasa kwa nini tumpime kwa hiyo kumi?

Tena sisi Uganda tunategemea sana spina, warushaji wa mipira ya taratibu inayopinda ikidunda. Kombe la Dunia la T20 la Juni 2024, kule Guyana, Frank Nsubuga akiwa na miaka 43 alirusha ova 4 dhidi ya Papua New Guinea, akatoa mikimbio (alama) 4 tu na kuchukua wiketi 2, yaani kuwatoa wapigaji wawili. Mrushaji wa aina hiyo anataka mtu wa kuchutama nyuma ya vijiti kabisa. Mpigaji akijua nyuma yake kuna mikono, mguu wake haubanduki kwenye krisi, eneo lake la usalama mbele ya vijiti. Mikono ikiwa ya kubahatisha, mlinda wiketi husogea nyuma, mpigaji huanza kutoka kuufuata mpira, spina naye huingiwa na hofu, hufupisha urefu, kisha hupigwa nne (mipira ya kufika mpakani mwa uwanja) mfululizo. Jioni kitabu cha alama kinamwonyesha spina amepigwa, na kapteni anamgombeza yeye! Mwenye glavu anakwenda kunywa soda zake, hana doa.

Mechi hiyohiyo Papua New Guinea walitolewa kwa mikimbio 77, nasi tukazipita tukiwa tumepoteza wiketi 7. Alama kubwa kuliko zote siku ile, pande zote mbili, ni 33 za Riazat Ali Shah. Kwenye mechi ya hesabu ndogo hivyo, mpigaji mmoja akiponea stampi (kutolewa na mlinda wiketi anayevunja vijiti yeye akiwa nje ya krisi) na kuongeza ishirini, mmekwisha.

Najua nitakachojibiwa: mashindano yaleyale West Indies walitutoa kwa 39 na New Zealand kwa 40, kwa hiyo tunahitaji wapigaji. Kweli, tunawahitaji, nambari moja hadi sita. Wakishaanguka hao, nambari saba atafufua nini?

Halafu wananitajia walinda wiketi waliopiga sana, Gilchrist wa Australia na Dhoni wa India. Haya, tuwataje. Gilchrist alikuwa na wastani wa mikimbio 47.60 kwenye Test, mechi za kimataifa za siku tano, lakini pia alishiriki kuwatoa wapigaji 416. Dhoni mnamkumbuka kwa sita zake, mipira ya kuvuka mpaka bila kudunda. Stampi zake 123 za ODI, mechi za kimataifa za siku moja, ambazo hakuna aliyezifikia, mmezisahau. Wale walikuwa walinda wiketi hasa. Mtazameni pia Kumar Sangakkara wa Sri Lanka: kwenye Test, bila glavu wastani wake ulikuwa 66.78, alipokuwa analinda wiketi, 40.48. Ukimbebesha glavu mpigaji wako bora, unaweza kukosa mikimbio yake na mikono usiipate.

Wawili wakilingana kwa mikono, chukua mwenye bati. Hapo sina ugomvi. Lakini kwanza wapime bila bati. Mpe spina wako bora mpira, mwambie arushe upande wa miguu ya mpigaji, na mpigaji azungushe bati akikosa makusudi, nusu saa nzima. Hapo mwili wa mpigaji unauficha mpira, na mlinda wiketi anauona umeshachelewa. Mtazame anainuka lini. Anayeinuka kabla mpira haujadunda, mpeleke akacheze mpakani.

Husema mengine pia. "Mwenye bai chache ndiye bora." Bai, yaani mikimbio ya mpira uliompita mpigaji na mlinda wiketi bila kugusa bati, huandikwa; stampi iliyokosekana haiandikwi popote. Na anayesimama mbali ataruhusu bai chache, bila shaka.

"Lazima awe mfupi." Gilchrist hakuwa mfupi. Tuendelee.

"Akiumia, mmoja wa waliomo uwanjani lazima avae glavu." Ilikuwa hivyo. Tangu sheria za 2017, mchezaji wa akiba anaweza kulinda wiketi waamuzi wakikubali. Basi mtu wenu wa kumi na mbili awe anayejua kazi hii, si binamu ya kapteni.

"Kwa spina, helmeti ya nini?" Mark Boucher wa Afrika Kusini, mwenye rekodi ya kuwatoa wapigaji 555 kwenye Test, alikuwa amesimama karibu na vijiti bila helmeti pale Taunton, Julai 2012, Imran Tahir akirusha spini. Beili, kijiti kidogo kinacholala juu ya vijiti, iliruka ikampiga jichoni, na hakucheza tena kriketi ya kimataifa. Kwa vijana wangu ni amri: spina akishika mpira, helmeti kichwani. Wakati wa kuivua, iwekwe nyuma ya mlinda wiketi, mstari mmoja na vijiti vya pande zote mbili, maana mpira ukiigusa pale chini wapinzani wanapewa mikimbio 5 ya adhabu.